Kopo la Kushoto Kabisa

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amepanga jiko upya. Naianza shajara hii kwa sababu hiyo, maana nisipoandika nitasema, na nikisema tutakosana.

Daftari lenyewe nilipewa kazini, kule kwenye kiwanda cha uchapaji ninakosahihisha makosa ya watu wengine, na limekaa kwenye begi langu bila neno hata moja. Tangu Baba afariki mwezi wa kwanza nimehamia hapa kwa Mama. Kazi zangu naletewa kwa barua pepe, nazifanyia kwenye meza ya chakula. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alikuja mazikoni na kibegi cha mtu anayelala siku mbili. Bado yupo, na kibegi kimezaa.

Leo mimi na Mama tulikwenda kumjulia hali jirani. Tuliporudi, jiko lilikuwa linang'aa. Rafu zimefutwa, vikombe vimetundikwa, na yale makopo ya maziwa ya unga ambayo Mama huhifadhia kila kitu kikavu yameoshwa, yameanikwa juani, yamerudishiwa vitu vyake na kupangwa safu iliyonyooka kama gwaride. Ila hakuna hata moja lililorudi mahali pake.

Mgeni hawezi kujua, lakini katika nyumba hii mahali pa kopo ndipo jina lake. Nilipokuwa mdogo panya walitafuna vikaratasi vyote vya majina ambavyo Baba, mtafiti wa maharage, alibandika kwenye makopo, kwa kupenda gundi, wakamwachia mbegu zisizo na jina. Tangu hapo hakuna karatasi iliyobandikwa tena jikoni kwetu. Kopo la kushoto kabisa, rafu ya juu, ni mbegu ya Baba ya mwisho, na haliguswi hata nyumba ikishika moto. Yanayofuata ni mbegu za kabla yake, na hizo tunapika. Mimi kushoto na kulia nilijifunzia kwenye rafu ile.

Mama alisimama mlangoni, akaitazama rafu, akaitazama mikono ya Shangazi iliyokunjamana kwa maji. Akasema, "Asante wifi, pamependeza." Kisha akaenda kulala mchana, jambo ambalo hana desturi nalo.

Jumatatu, 10 Machi

Kama vile alikuwa anasubiri tuharibu, Daktari Mdogo amekuja leo kuchukua mbegu.

Kwa umbo ni mkubwa kuliko mlango wetu. Lakini kwenye kituo cha utafiti Baba ndiye alikuwa Daktari, na huyu aliingia akiwa msaidizi wake, basi jina likamganda. Siku hizi yeye ndiye mkuu wa kitengo cha mikunde. Kwa wasiojua, mikunde ni maharage na jamaa zake, na ndiyo iliyotulisha na kutuvalisha sisi.

Alikaa, akanywa chai, akaeleza huku akitazama kikombe. Mwishoni mwa mwaka umeme ulikatika kituoni, jenereta likagoma, na chumba cha baridi kikawa chumba cha joto. Mbegu ya mwisho ya Baba ikaoza yote. Hawakutaka kumwambia kwa vile alikuwa mgonjwa. Ila alikumbuka kwamba Baba alikuwa amechukua kiasi kidogo nyumbani. Kamati ya kupitisha mbegu mpya inakaa mwezi wa saba. Bila mbegu mkononi hakuna cha kuwaonyesha, na miaka yote ile ya Baba itabaki kuwa hadithi tu.

Mama alinitazama. Mimi nilimtazama Shangazi. Shangazi aliitazama dari.

Daktari Mdogo alimimina makopo manne ya maharage kwenye sinia nne, akatoa lenzi yake, akainama hadi jasho likamtiririka puani. Yote mekundu, yote yana madoa meupe, yote saizi moja. Mwishowe akainuka, akanigeukia. "Dada, hawa ni watoto wa tumbo moja. Siwezi kuwatofautisha."

Nikasema si tuyapike tu, linaloiva upesi ndilo lenyewe. Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Baba: kutafuta harage linaloiva upesi. Akatikisa kichwa. Maharage yaliyokaa miezi kwenye joto la jiko hugoma kuiva, yawe ya nani. Ya kujaribia lazima yawe mapya, yamevunwa siku moja, yamekauka pamoja. Yaani tuyapande yote manne mvua hii, tusubiri.

Alipoondoka, Shangazi aliniuliza kama kuna sabuni zaidi. Nikamwonyesha ilipo kwa kidevu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua hakuna. Na Shangazi tunasalimiana tu.

Jumamosi, 15 Machi

Kaka kapiga simu kutoka huko aliko. Nilimsimulia habari za makopo, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akapenga kamasi, nikajua analia. Akaniuliza, "Leo ni Jumamosi, eti?"

Jumamosi ilikuwa siku ya majaribio. Baba alikuwa anarudi kutoka kituoni na vifuko vyake, Mama anaweka masufuria matatu au manne jikoni, na sisi tunafukuzwa tusione lipi ni lipi. Jioni tunaitwa mezani. Mbele ya kila mtu sahani zenye namba, na katikati kopo la Mama la vifungo vya nguo. Kila mtu ana rangi yake, mimi njano, Kaka bluu. Unaonja, unameza, unatia kifungo kwenye sahani uliyoipenda. Kuzungumza marufuku. Kukunja uso marufuku pia, kwa sababu kukunja uso, alisema Baba, ni kumwambukiza mwenzako maoni. Tumekua tukila maharage kwa nyuso za mahakimu. Mchumba wa Kaka alipoletwa kutambulishwa, alikaribishwa kwa kifungo cha kijani. Baadaye alituambia alidhani ni mtihani wa kumkubali. Kaka alimwambia ndiyo, ni huo.

Ila mimi ninachokikumbuka zaidi ni kabla ya kuitwa. Nilikuwa nachungulia tundu la mlango wa jiko. Mama kwenye kigoda chake, Baba kwenye kigoda chake, saa yake ya kubonyeza, ya kupimia muda, iko shingoni, masufuria yanatokota. Kila baada ya muda Baba anachota punje, anaibonyeza kwa vidole, anatikisa kichwa. Wanaongea, sisikii nini. Ikiiva anabonyeza saa na kuinuka mbio kwenda kuandika, na Mama anamwambia, "Kaa kidogo." Na yeye anarudi anakaa.

Harusini kwa Kaka, Baba alisimulia tena kisa chake kile kile: alipooa, siku moja alirudi kazini akamkuta bibi harusi wake amesinzia ameketi mbele ya sufuria, maharage bado mawe. Akaapa atalitafuta harage litakalomtoa mkewe jikoni. Watu walipiga makofi. Mimi kila nikikisikia kisa hicho namwonea Mama huruma. Maisha yake yote mbele ya sufuria, kwa ajili ya kutolewa mbele ya sufuria.

Jumatatu, 17 Machi

Imenyesha tangu alfajiri. Tumepanda. Vitalu vinne nyuma ya nyumba, kopo moja moja kwa kila kitalu, na nusu ya kila kopo tumeibakiza kwa akiba. Tumeviita Moja, Mbili, Tatu na Nne. Nne kiko karibu na ukuta, ambako ardhi imeinama, lakini kwingine nafasi imekwisha. Shangazi alitaka kusaidia. Nilimwambia amwangalie Mama.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Udongo umenyamaza.

Jumanne, 25 Machi

Yameota. Moja na Mbili yamejaa, Tatu wastani, Nne yameota machache kama meno ya mzee. Nilikwenda kumwita Mama, akaja amevaa viatu vya Baba vya shambani, vinamzidi. Alichuchumaa muda mrefu. Kisha akasema Baba alikuwa anaisalimia miche asubuhi, na yeye siku zote alikuwa akimwambia kwamba wasaidizi wake wakimwona watampeleka hospitali.

Jioni nimemkuta yeye mwenyewe anaisalimia.

Jumanne, 1 Aprili

Palizi. Kiuno si changu.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nilikuwa nasuka nywele zangu kwa kioo kidogo, Mama akacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikajua anakumbuka nini.

Mama alilazwa nilipokuwa darasa la pili, na shule yetu haikutaka watoto wenye nywele timtim. Baba hakuwahi kumsuka mtu. Alinikalisha kwenye ngazi ya nyuma, akachukua kitana na rula. Akanigawa kichwa kama kitalu, mistari sawasawa, nafasi sawasawa, akanionya nisitikisike mpaka amalize safu. Ilimchukua mchana wote. Shuleni mwalimu aliniita mbele ya wenzangu wauone unadhifu. Baba alisuka hivyo kila wiki mpaka Mama akatoka, na hata alipotoka nilikataa kusukwa na mwingine. Hakukosa chakula cha jioni na sisi, hakukosa kutushika mkono hadi lango la shule. Walipotaka kumpandisha cheo makao makuu alikwenda, akatazama ofisi, akauliza mtu akitoka pale anafika nyumbani saa ngapi. Walipomjibu, akawashukuru akarudi.

Mama aliponikumbusha hayo ya ofisi, Shangazi alikuwa anapita na ndoo. Akasema, "Tangu utotoni alikuwa hivyo. Hali chakula mpaka wote tumefika." Akaendelea kutembea.

Alhamisi, 24 Aprili

Maua! Daktari Mdogo alikwishanieleza kwamba kwenye kumbukumbu za kituo mbegu ya Baba ina ua jeupe. Moja yametoa zambarau, Tatu yametoa zambarau. Mbili meupe. Nne meupe.

Basi ni Mbili au Nne. Nampigia simu Daktari Mdogo, namsikia anameza mate. Mbili limestawi kama linalishwa siri. Nne limechoka. Nikamwambia Mama bila shaka ni Mbili, Baba asingezaa mtoto goigoi. Mama akaniuliza kama nimewahi kuona picha ya Kaka alipozaliwa.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki. Nimesahihisha kitabu kizima cha ufugaji wa nyuki bila kutoka mlangoni. Shangazi kaosha madirisha, ndani na nje, huku inanyesha.

Ijumaa, 9 Mei

Leo naandika mengi, mikono bado ina tope kwenye kucha.

Baada ya chakula cha mchana mbingu ilifunguka. Si mvua ya kawaida. Maji yalishuka kutoka kwa jirani wa juu yakapita chini ya uzio, yakajikusanya kwenye ukuta wetu, na ukutani ndiko kiliko kitalu Nne. Mimi na Mama tulikuwa dirishani. Niliona matuta yanazama, moja baada ya jingine, na maharage yakiwa ndiyo kwanza yanajaza maganda. Nikasema, Mungu wangu, bora tuna Mbili. Nilikuwa najipa moyo. Mama alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili.

Ndipo mlango wa nyuma ulipojibamiza. Shangazi alikuwa nje. Amejifunga khanga kiunoni, hana viatu, ana jembe la Baba mkononi. Mtu wa umri ule! Nilifungua dirisha nikamwita arudi, atateleza, atavunjika nyonga, tutampeleka wapi. Hakugeuza hata shingo. Akaanza kuchimba mfereji kandokando ya ukuta, udongo ukimrudia usoni.

Nikatoka. Sikuwa na hiari. Nilichukua sepetu nikaanzia upande wa pili, na kwa muda mrefu tulikuwa tunachimba tu na kutema maji. Mfereji ulipofika kwenye tundu la ukuta, maji yalisita, kisha yakageuka yakaondoka. Tukainua mimea iliyolala, mmoja mmoja, tukaushindilia udongo kwa vidole. Mingine ilikuwa imeng'oka kabisa.

Jikoni Mama alikuwa amechemsha maji ya kuoga na chai. Shangazi alikaa karibu na moto akitetemeka, nikamfuta kichwa kwa taulo. Nikamwuliza, kwa upole ambao sijautumia kwake tangu Machi, kwa nini ahatarishe maisha kwa kitalu ambacho huenda si chenyewe.

Akasema, "Ninyi mnasimulia kwamba aliyaanza maharage haya kwa ajili ya mama yako. Mimi sikatai. Lakini mama yetu alikuwa anarudi kazini jioni sana, mimi ndiye niliyekuwa napika. Kuni mbichi, maharage makavu. Mdogo wangu analia njaa, namwambia ngoja nikupe hadithi, hadithi ikiisha yatakuwa yameiva. Hadithi inaisha hayajaiva. Namwongeza nyingine. Siku nyingi alilala bila kula, kichwa kwenye paja langu, mimi nasimulia peke yangu."

Mama alikuwa amegeuka na kikombe mkononi. Hata yeye alikuwa hakijui kisa hicho.

Shangazi akaendelea. "Nilipofika hapa kumzika, mikono yangu haikujua ikae wapi. Nikaona makopo. Nikasema nimwoshee mdogo wangu jiko lake. Kumbe nimemfuta."

Mama alimsogelea akamkumbatia, chai ikamwagika kwenye khanga, na wote watatu tukalia bila kuficha.

Jumamosi, 10 Mei

Jua. Nne limebaki nusu. Shangazi ana mafua, amelala, na jiko ni chafu. Nimeliosha mimi, na kila kikombe nimekirudisha pale alipokitundika yeye.

Jumanne, 20 Mei

Daktari Mdogo alipita kukagua. Kwa kumtazama Shangazi aliyekuwa akizungushia Nne kamba, akaniuliza kama yule mama anatafuta kazi kituoni.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imekatika. Majani yanageuka manjano. Mama ameanza kuimba anapofagia, kisha anakumbuka ananyamaza, kisha anasahau anaimba tena.

Jumapili, 8 Juni

Tumevuna vile vitalu viwili vya ua jeupe, kwa pamoja. Kaka kaja na mkewe. Tumeanika kwenye mikeka, Mbili huku, Nne kule, na Shangazi katikati na fimbo ya kufukuzia kuku, hataki mtu apite hata kwenda chooni. Nne ni kidogo mno. Ukikitazama unasikitika. Kaka kasema Mbili ndilo, na likiwa silo atakula kofia yake. Hana kofia.

Jumamosi, 14 Juni

Jaribio lilifanyika kwa taratibu za Baba, ila mkutano safari hii ulikuwa jikoni, maana tulikuwa tunapima kuiva.

Daktari Mdogo alikuja amevaa tai. Mama alitoa ile saa ya kubonyeza kutoka chini ya nguo zake, akamvika shingoni, na yule bwana mkubwa akainamisha kichwa kama anavishwa nishani. Masufuria mawili yanayolingana, maji sawa, moto sawa, konzi ya maharage kila moja. Ilibaki mtu wa kuyatia bila sisi kujua lipi liko wapi. Baba alikuwa na kanuni hiyo: anayepima asijue anachopima. Kazi ya kuchanganya tulimpa bingwa. Shangazi alitufukuza wote nje, akafunga mlango, tukasikia akizungusha masufuria zaidi ya ilivyohitajika. Alipotufungulia alikuwa na uso wa hakimu. Baba angempenda kwa uso ule.

Tukaanza kusubiri. Mama alichukua kisu akaanza kumenya vitunguu vya mchuzi wa baadaye. Kaka alianza kisa cha mchumba na kifungo cha kijani, na mkewe akamkatiza akisimulia vizuri zaidi. Daktari Mdogo alichota punje kwenye sufuria la kushoto, akabonyeza. Jiwe. Akachota ya kulia, akabonyeza. Akachota nyingine. Akachota ya tatu, akaitia mdomoni, akafumba macho. Saa ikalia kli.

Mama alikuwa hajamaliza kitunguu cha pili.

Wote tukamgeukia Shangazi. Alifungua kiganja. Ndani mlikuwa na kifungo cha njano, changu mwenyewe, alichokishika ili asisahau alichotia kwenye sufuria la kulia. Akasema, "Nne."

Sijui nani alipiga kelele kwanza. Kaka alimbeba Shangazi juu juu. Daktari Mdogo aliketi sakafuni na tai yake, akilia na kucheka, akirudia, "Mzee aliweza. Mzee aliweza." Mimi nililia kwa furaha na kwa uchungu pia, kwa sababu mtu ambaye angepaswa kuinuka mbio kwenda kuandika hakuwepo.

Mama peke yake hakuinuka. Alikuwa ameshika kisu na nusu ya kitunguu, akilitazama sufuria.

"Yameiva upesi sana," alisema.

Nikamwambia si ndivyo Baba alivyotaka.

"Ndivyo. Alitaka nisikae jikoni." Aliweka kisu chini. "Mimi sikumwambia kitu. Mtu anakuhangaikia maisha yake yote, utamwambiaje? Kituoni alikuwa wao. Mezani alikuwa wenu. Hapa, maharage yakichelewa, alikuwa wangu. Nilikuwa naomba yasiive."

Lile sufuria la kushoto lilikuwa bado linatokota. Miaka yote nilimhurumia mwanamke huyu kwa saa alizokaa kwenye kigoda kile. Leo ndiyo nimejua zilikuwa ndizo zake.

Baadaye Daktari Mdogo alipanguza uso, akatoa kalamu. Kamati itataka jina. Kituoni mbegu ilikuwa na namba tu, na namba haiuziki sokoni. Akamwomba Mama aipe jina yeye.

Mama hakufikiri sana. "Kaa Kidogo."

Daktari Mdogo alisita na kalamu yake. Akasema kwa heshima zote kwamba, Mama, hili ndilo linaloiva upesi kuliko yote, wakulima hawataelewa.

"Andika hivyo hivyo, mwanangu," akasema Mama.

Akaandika.

Jumapili, 15 Juni

Kaka na mkewe wameondoka asubuhi. Daktari Mdogo alikwishaondoka jana na mbegu amezikumbatia, hakutaka kuziweka kwenye buti ya gari. Shangazi anafunga mabegi yake, na mimi kesho narudi mjini kiwandani. Kabla ya kufunga, Shangazi alimwita Mama jikoni, akamwomba amwelekeze kila kopo lilikuwa wapi zamani. Wakayarudisha yote. La kushoto kabisa wamelitia Kaa Kidogo, punje chache tulizobakiza.

Mchana Mama aliteka maji, akaweka sufuria kubwa jikoni. Nilitazama alichotia. Yalikuwa yale ya zamani ya Kopo Moja, yaliyokaa kwenye joto mpaka yamekuwa mawe. Nikamwuliza kwa nini hayo, tutakula saa ngapi, Shangazi ana safari.

"Shangazi yako ataondoka kesho," alisema. Kisha akakivuta kigoda cha Baba kwa mguu, akakiweka karibu na chake. Na Shangazi akaja na kiti kutoka mezani.

Tukakaa. Shangazi akaanza hadithi.